Kamba Bandia, Ngisi wa Kweli: Namna ya Kuvua Ngisi Usiku Ghuba ya Tanga

Kaskazi ikikaribia, vijana wa hapa Sahare huanza kunijia na vikasha vyao vya chambo bandia. Kamba wa plastiki wa kila sura: wa waridi, wa chungwa, wa kijani kinachowaka gizani, na mwingine kavishwa kitambaa cha kumetameta utadhani anakwenda harusini. Swali lao ni moja: "Mjomba, rangi hii inashika?" Nami jibu langu halibadiliki. Rangi iweke nyuma.

Jicho la ngisi ni kubwa na linaona vizuri mno, ila halipambanui rangi kama letu. Linapambanua kiza na mwanga, mng'aro, umbo na mwendo. Anachokipima kabla ya kurusha minyiri yake ni jinsi kile kitu kinavyokwenda, na zaidi ya hapo, jinsi kinavyoshuka. Mara nyingi sana ngisi hushika chambo kikiwa kinazama taratibu au kimetulia. Anayevuta na kuvuta usiku kucha hurudi na bega linauma na ndoo tupu, kisha analaumu duka lililomuuzia. Kwa hiyo mengi nitakayoyasema hapa, kuanzia siku ya kutoka mpaka uzito wa risasi, yanalenga jambo moja: chambo chako kipate nafasi ya kushuka, mahali ambapo ngisi amesimama anakitazama.

Ngisi ninayemsema ni yule wa majani bahari, mwenye mapezi mapana yanayofuata mwili wake karibu wote. Wageni humchanganya na dome. Tofauti utaiona ukimpasua: dome ana ule mfupa mweupe mnene tunaouokota ufukweni, ngisi ana kijiti chembamba kinachopitisha mwanga. Ana mikono mifupi minane na minyiri mirefu miwili ambayo huifyatua ghafla, akakamata, akavutia mdomoni. Mdomo wake ni mgumu, umepinda. Na koo lake linapita katikati ya ubongo, kwa hiyo hawezi kumeza kitu kizima kama afanyavyo chewa. Lazima akumbatie windo na kulimega vipande vidogo vidogo. Hii ndiyo sababu chambo chake hakina ndoana moja kubwa. Kina taji la pini nyembamba mkiani, likisubiri kukumbatiwa.

Siku ya kutoka

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kabla hata hawajashika kasia. Sisi wa pwani tunahesabu mwezi tangu kuandama, na kwa ngisi hesabu hiyo ina faida kuliko kalenda ya ukutani. Taa yako inafanya kazi penye kiza. Mwezi mpevu ukitanda, bahari nzima ni taa, na yako haina wa kumwita.

Basi mtu husema, nitatoka mwezi ukiandama, kiza totoro. Anasahau bamvua. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu wote huja na bamvua, na Tanga bamvua si mchezo, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mkondo wake unachukua chambo na kukipeleka mlalo mpaka mshipi unyooke kama ulivyo. Chambo kinachokwenda mlalo hakishuki.

Kinachotakiwa ni kiza na maji mafu kwa pamoja, yaani maji yasiyopanda wala kushuka sana. Siku hizo zipo, tena kila mwezi: kuanzia mwezi 22 hadi 26 hivi. Maji yamekufa, na mwezi hauchomozi mpaka karibu na saa sita usiku au baadaye. Ukitia nanga wakati wa magharibi unapata kiza chote cha nusu ya kwanza ya usiku, ambayo ndiyo nzuri. Maji mafu mengine ni mwezi 8 hadi 10, lakini hapo mwezi unakuwa juu tangu jua linapozama, na hauondoki mpaka kati ya saa saba na saa tisa usiku. Ukizitumia siku hizo, lala kwanza, toka usiku wa manane na uvue mpaka alfajiri. Shemeji yangu, ambaye ndiye mwenzangu chomboni, anazichukia. Mimi nazipenda, kwa kuwa ghuba inakuwa tupu.

Upande wa majira, kaskazi ndiyo mwenyewe, Desemba hadi Machi, bahari imelala na maji yanaona chini. Kusi ikishika, subiri usiku wa utulivu. Masika nayo ina yake: mito ya Zigi na Mkulumuzi humwaga tope na maji baridi ya mvua ndani ya ghuba, na ngisi hapendi maji yaliyopungua chumvi. Huondoka kwenda nje. Mvua kubwa ikinyesha milimani Amani leo, usihangaike kutoka kesho.

Mahali

Tafuta mpaka. Pale majani bahari yanapokoma na mchanga kuanza, au mwamba unapokwisha na majani kuanza, kwenye kina cha mita 4 hadi 10. Ngisi hujificha upande mmoja na kuwinda upande wa pili. Pita mchana maji yakiwa yamepwa, na miwani ya kuzamia, uweke alama zako kwa minara na miti ya pwani ili usiku ujue ulipo. Tia nanga mchangani, kamwe si juu ya matumbawe; nanga iliyonasa kwenye mwamba inavunja nyumba ya samaki wote, na saa nane usiku hakuna wa kuzama kukutolea.

Kisiwa cha Ulenge kiache, ni hifadhi tengefu, hapavuliwi. Ukielekea kusini, visiwa vya Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009, na huko kuna taratibu zake. Kazungumze na uongozi wa hifadhi na kamati ya uvuvi ya kijiji kabla hujapeleka chombo. Leseni yako na ya chombo ziwe kwenye mfuko wa nailoni, zisilowe. Na usitie nanga kwenye njia ya meli za bandarini, hata ngisi wawe wanaruka. Nahodha wa meli kubwa haioni ngalawa.

Asiye na chombo asikate tamaa. Tembea mchana kwenye magati na kuta za zege ambako watu wanaruhusiwa kuvua, ukitazama sakafu. Madoa meusi yaliyorushwa ukingoni ni wino. Palipo na madoa mengi, mtu alimtoa ngisi pale, na ngisi hurudia mahali.

Chambo

Vya dukani vimeandikwa namba, nazo ni kipimo cha kale cha Kijapani, maana Wajapani ndio mabingwa wa chambo hiki. Namba 2.5 ni urefu wa sentimita 7.5 hivi, 3 ni sentimita 9, na 3.5 ni kama sentimita 10 na nusu. Kwa ghuba yetu namba 3 inatosha mwaka mzima. Weka na 2.5 moja au mbili kwa kazi nitakayoieleza mbele.

Ila mimi vingi nachonga mwenyewe. Si ubahili peke yake. Cha kuchonga unakipa uzito unaoutaka, na uzito ndio unaoamua kasi ya kushuka.

Chukua kipande cha mti mwepesi uliokauka vizuri, urefu wa nusu shubiri hivi, unene wa kidole gumba. Chonga mgongo upinde kidogo, mkia uwe mwembamba kuliko pua. Piga msasa. Puani pitisha waya mwembamba usioshika kutu, uukunje uwe kitundu cha kufungia mshipi. Mkiani panga pini za kushonea, safu mbili, moja juu ya nyingine, kiasi cha kumi kila safu. Zikunje kwa koleo ndogo, ncha zitazame juu kuelekea puani, kisha zifunge kwa waya wa shaba na uzizibe kwa gundi ngumu ya kuchanganya. Hakikisha hakuna pini iliyolala. Mwili uvalishe kitambaa. Mimi natumia kanga kuukuu, upande wenye pindo jeusi nauweka mgongoni na upande wa rangi nyepesi tumboni, kwa kuwa kamba wa kweli akitazamwa kutoka chini tumbo lake ni jeupe kuliko mgongo. Macho ni shanga mbili. Ubavuni chomeka unyoya mdogo wa kuku, kila upande mmoja, zilingane.

Sasa risasi. Itiwe chini ya kidevu, nyuma kidogo ya pua, imebanwa kwenye ufa uliouchonga. Anza na kubwa kuliko unavyohitaji, halafu uende kwenye pipa.

Pipa liwe na maji ya bahari. Wanaopima kwa maji ya bomba hushangaa chambo kilichokuwa kinashuka vizuri uani kinaelea baharini. Maji ya chumvi yanabeba zaidi. Kiachie chambo juu ya maji bila kukisukuma, ukitazame kwa ubavu. Kinatakiwa kiinamishe pua, kiinue mkia, kishuke kwa mshazari, nusu kati ya kulala na kusimama, mita moja kwa sekunde tatu hivi. Kikiporomoka wima, risasi imezidi au imekwenda mbele mno. Ikwangue kwa kisu, kidogo kidogo, ujaribu tena. Kikishuka kimelala chali au ubavu, risasi haiko katikati ya kidevu. Kikizunguka, unyoya mmoja ni mrefu; ukate. Mpwa wangu aliwahi kuniona nimechutama penye pipa tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi na chambo kimoja mkononi. "Mjomba, si ukinunue tu?" Nikamwambia kile cha dukani nacho kitapitia humu humu. Na kweli, vya dukani visivyo na jina ukivipima, viwili katika pakiti moja havishuki sawa.

Mshipi ni nailoni ya milimita 0.35 au 0.40, ya kushikwa mkononi. Usitie waya wala pete nzito karibu na chambo; ngisi hakati mshipi, na kila kinachoning'inia puani kinaharibu mshazari ulioutafuta pipani.

Taa na kivuli chake

Zamani ilikuwa karabai, mafuta ya taa na moshi machoni. Siku hizi betri ya pikipiki na taa za LED zinakupeleka mpaka asubuhi. Iwashe kiza kinapoanza kuingia, uitundike juu katikati ya chombo, ielekee majini upande mmoja. Halafu kaa. Usitupe chambo. Kwanza huja vile vidudu vidogo visivyoonekana vizuri, vikifuatwa na dagaa, kisha chuchunge wanaokatiza juu juu. Mnyororo huo unahitaji nusu saa, pengine saa nzima. Chuchunge wakijaa, ujue taa imefanya kazi.

Ngisi yuko wapi muda wote huo? Wengi hudhani yuko pale penye mwanga mkali, maana ndipo chakula kilipo. Hayuko. Yuko kizani, ukingoni mwa kivuli cha chombo, anatazama ndani ya mwanga, akitoka kwa ghafla kukamata na kurudi. Chombo chenyewe kinamtengenezea maficho. Ndiyo sababu naielekeza taa upande mmoja tu: ili upande wa pili na chini ya ngalawa pabaki kiza chenye mpaka unaoonekana wazi. Chambo chako kinatakiwa kishuke kikivuka mpaka huo. Kikishuka katikati ya mwanga, ngisi anapata muda mrefu wa kukikagua na kuona mshipi.

Chombo kikiwa kimetiwa nanga omo, yaani mbele, mkondo unatoka omo kwenda tezi, nyuma. Tupa mbele, kwenye mwanga, uache mkondo ukilete chambo nyuma huku kinazama, kiingie kivulini kikiwa karibu na chini. Ukitupa nyuma, mkondo unakikimbiza mbali na mahali alipo.

Mwitaji na mngojaji

Jambo hili nilikuwa nalifanya kwa mazoea tu, mpaka siku nilipompeleka kuvua mgeni wa Kimarekani, mtu wa Wisconsin. Kwao, mto Mississippi, anawinda bata wazamiaji, wale wanaozama mpaka chini kula mizizi na kome wadogo. Alinieleza kuwa bata hao hukaa maji ya wazi, kwa makundi makubwa, kwa hiyo wawindaji huweka bata bandia kwa makumi. Huwafunga kwenye kamba ndefu yenye nanga ncha zote mbili, waliojaa weupe wakiwekwa pale watakapoonekana kwa mbali. Katikati huacha uwazi, upande ule upepo unakokwenda, kwa sababu bata hutua akiukabili upepo. Bunduki inangojea uwazini.

Nikamuuliza, "Sasa wale wa mbali kule, ambako bunduki haifiki, wa nini?"

"Kazi yao kuita tu," akasema.

Bata wake na ngisi wangu hawafanani kwa lolote, lakini mpango ni ule ule: kinachoita na kinachokamata si lazima kiwe kimoja, na mahali pa kuitia si lazima pawe mahali pa kukamatia. Kwa hiyo mimi natumia chambo viwili. Cha kwanza, mwitaji, kiko mkononi, namba 3, kinatupwa mbele, kinadundwa, kinatua, kinadundwa tena. Kinaonekana kwa mbali. Cha pili, mngojaji, namba 2.5, kinaning'inia kwenye fimbo ya mwanzi pale tezi, ndani ya kivuli, kiasi cha mita moja na nusu juu ya majani. Hakiguswi. Mawimbi madogo yanayoinua na kushusha ngalawa yanatosha kukipa uhai. Ngisi anakuja akifuata yale makeke ya mbele, anafika, anasita, na pale anaposita kando yake kuna kamba mdogo aliyetulia asiyejua kuwa anatazamwa. Ukiwa na haraka utaona mngojaji ni mzigo. Hesabu samaki wako asubuhi.

Mkono

Mtazame kamba wa kweli akistuliwa. Hakimbii mbele. Anakunja mkia kwa nguvu, anaruka kinyumenyume kwenda juu, mara moja au mbili, halafu nguvu zinamwishia na anashuka taratibu akiwa ametandaza miguu. Mchezo wako wote ni huo.

Acha chambo kizame huku unahesabu. Kama kina ni mita 6 na chambo chako kinachukua sekunde tatu kwa mita, hesabu 18 ni chini. Wewe simama kwenye 15, usiingie majanini. Dunda mara mbili, fupi fupi, kwa kiwiko si kwa bega. Kisha achia. Na kuachia si kuulegeza mshipi ukalala juu ya maji. Ufuate kwa mkono, umenyooka bila kuvutwa, umepita juu ya kidole cha shahada. Ukiulegeza kabisa hutajua ameshika. Ukiukaza, chambo kinaacha kushuka kwa mshazari na kinaanza kurudi kwako. Kati ya hayo mawili ndipo pa kujifunza, na hapafundishwi kwa maandishi zaidi ya hivi. Hesabu tena sekunde nane, kumi. Dunda. Achia.

Vijana wanapenda ile sehemu ya kudunda kwa sababu inaonekana kama kazi. Nawaambia: muda wa kudunda ukiwa sekunde mbili, wa kuachia uwe kumi.

Akishika, hutapata mvuto kama wa changu. Kuna dalili tatu. Mshipi unasimama kabla hesabu haijaisha. Au unaanza kwenda pembeni, kinyume na mkondo. Au ukitaka kudunda unakuta kuna uzito tu, mzito laini, usiorusharusha. Hapo inua mkono kwa uthabiti, bila kukurupuka. Minyiri yake inakatika, ukikurupuka utapandisha kipande cha mnyiri peke yake. Pini hazina kile kijino cha kuzuia kama ndoana za kawaida, kwa hiyo kuanzia hapo mshipi usilegee hata kidogo. Mkono kwa mkono, mwendo mmoja. Atakapojisukuma nyuma kwa maji, mpe kidogo huku umekaza, akitulia endelea.

Akifika kando ya chombo usimpandishe mara moja. Mwache majini ateme wino, kisha maji, kisha wino uliobaki. Kile kibomba anachotemea kiko upande wa tumbo, chini ya kichwa, kwa hiyo mgeuzie mgongo uje kwako na tumbo litazame baharini. Mbebe kwa wavu wa mkono. Shemeji yangu huwa anampokea bila kumgeuza. Shati zake zote za baharini zina rangi moja.

Wa kwanza huwaita wenzake

Ngisi hutembea kwa makundi. Aliyenaswa, akiwa bado majini, wenzake hawamkimbii. Humfuata, wakibadilika rangi, michirizi ya giza ikipita mgongoni na kupotea, wakati mwingine wawili watatu wamemzunguka. Huyo sasa ndiye chambo chako bora kuliko vyote ulivyonunua au kuchonga. Mwache mita moja chini ya maji, mshipi umekazwa, na mwenzako ashushe ile 2.5 kando yake. Asidunde. Aachie tu ishuke mbele ya macho yao. Mwenzako akinasa, wewe toa wako, shusha tena, na wake ndiye anayebaki majini kuita. Mkipokezana hivyo kwa utulivu mnaweza kulimaliza kundi. Lakini mtu akipiga kelele, akagonga kasia ubavuni au kumulika tochi majini, wanazama mara moja na ndio mwisho.

Wakisita ghafla na unajua wapo, usikimbilie kubadilisha rangi. Badilisha kwanza mshuko: weka chambo chepesi zaidi, kinachochukua sekunde tano kwa mita. Isipofaa, ifunike taa nusu kwa kitambaa. Duara la mwanga linapungua, dagaa wanasogea karibu, na ngisi wanasogea nao mpaka chini ya miguu yako. Rangi ibadilishe mwishoni kabisa, na hata hapo chagua kati ya nyepesi na nyeusi. Nyeusi huonekana vizuri zaidi dhidi ya mwanga wa juu.

Kama kitambaa kinarudi kimenyofolewa vipande vya mviringo, huyo si ngisi, ni bunju. Hama. Bunju hawaishi, na watakula kazi yako ya wiki nzima kwa usiku mmoja.

Baada ya kumtoa

Ngisi aliyeachwa ajifie ndooni anawatemea wengine wino na nyama yake inakuwa ngumu. Muue mara moja. Natumia bisibisi nyembamba. Shika mwili, weka ncha katikati ya macho mawili, nyuma kidogo, uchome kwa kuinamisha kuelekea mwilini. Mwili wote, uliokuwa wa kahawia iliyoiva, unapauka kuanzia shingoni kwenda mkiani, mbele ya macho yako. Bila kutoa ncha yote, igeuze ielekee mikononi, uchome tena. Kichwa na mikono navyo vinapauka. Amekwisha, bila fujo.

Maji ya bomba yasimguse, wala barafu inayoyeyuka. Yanamharibu rangi, nyama inavimba na utamu unatoka. Mtie kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndio ukae juu ya barafu. Wanunuzi wa soko la samaki la Deep Sea asubuhi wanamjua aliyekaa kwenye maji ya barafu kwa kumtazama tu, na bei wataishusha hapo hapo.

Aliye mdogo kuliko kiganja mrudishe. Ngisi huyu haishi sana, mwaka mmoja hivi au pungufu, kwa hiyo mdogo wa leo ni mkubwa wa miezi michache ijayo. Mayai yake ni vifuko vyeupe virefu mfano wa vidole, vimeshonana kwa vishada kwenye majani bahari, na mara nyingi hata kwenye matawi ya dema, ule mtego wa samaki. Ukivikuta kwenye dema lako, usivipukute. Lirudishe dema majini na hivyo vishada vyake mpaka viangue.

Ukifika nyumbani, kabla ya usingizi, suuza chambo vyote kwa maji baridi ya bomba, nguo na pini. Vianike kivulini, jua linaharibu gundi. Pini zilizolala zinyooshe kwa koleo, na iliyopata kutu ing'oe, kwa sababu itakatika siku utakayopata mkubwa. Mkia wa kila chambo uvalishe kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa, hasa penye watoto. Kisha chambo ambacho bunju amekila kitambaa, kivalishe kipya, na kabla hakijarudi kikashani kipitishe tena pipani. Kitambaa kipya kina uzito wake.